Masikio Yangu, Mashavu ya Watu

Mimi ni binti wa mkulima wa miraa, nimeolewa katika boma la wakulima wa muguka, na siwezi kuketi kando ya mtu anayetafuna. Anayeijua Nyambene, nchi ya miraa, na akaijua Mbeere, nchi ya muguka, atacheka, wala sitamlaumu. Ukiombwa umtafutie mtu mwenye tatizo langu mahali pabaya kabisa pa kuishi, hutalipita soko la Maua, na ukilipita utaishia Kiritiri.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, maana wengi husikia nusu wakadhani nazungumzia kero. Kero ninazo kama watu wote: kinu cha posho cha jirani, spika za mkesha, pikipiki iliyotolewa salensa. Hizo huniudhi, nikanung'unika, zikapita. Kutafuna ni kitu kingine. Sauti hiyo ikinifikia, moyo hukimbia, viganja hulowa jasho, taya hukaza, na hasira huwa imeshafika kooni kabla sijaamua kukasirika. Mwili hutaka moja kati ya mawili, kumnyamazisha yule mtu au kutoka mbio. Na ajabu yake ni kwamba mgeni hunisumbua kidogo tu. Wanaonitesa hasa ni wale ninaowapenda na ninaokula nao kila siku, na baba yangu mzazi ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Shamba letu lilikuwa Igembe, juu ya Maua, lenye miti mikongwe ya miraa tunayoiita mbaine, ambayo babu aliirithi kwa baba yake. Alfajiri baba alipanda kuchuma. Kaka zangu walichambua vijiti, wakafunga vibunda, wakavizungushia majani ya mgomba visinyauke, na pikapu ikaja kuvichukua ikikimbilia Nairobi kwa mwendo ule ambao kila aliyewahi kukutana na pikapu za miraa barabarani anaujua. Jioni, iliyobaki ilikuwa ya mzee na wenzake. Walikaa sebuleni, kila mmoja na kibunda chake, na karanga, na soda. Humenya ganda kwa meno ya mbele, hutafuna, husukuma shavuni, huvuta mate, hunywa funda, huanza upya. Mazungumzo ya miraa hayana haraka, huweza kufika usiku wa manane. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, na kitabu cha hisabati mbele yangu.

Ilianza nikiwa darasa la sita. Sauti ile ile niliyolelewa nayo, ambayo hadi juzi yake ilikuwa kama mvua juu ya mabati, ilianza kunipenya. Sikuweza kusoma mstari nikaumaliza. Na nikagundua jambo moja: nikianza nami kutafuna, mdomo mtupu, nikifuatana na baba pigo kwa pigo, ile hasira ilipungua. Nikawa nafanya hivyo kila jioni gizani, mpaka shangazi alipoingia na taa.

Wakati ule, kwetu, msichana hakutafuna miraa. Hiyo ilikuwa shughuli ya wanaume, na ya wazee kwanza. Kwa hivyo msichana anayemwiga baba yake akitafuna alikuwa na makosa mawili kwa mpigo, kumdhihaki mzazi na kutamani kisichomhusu. Shangazi alinichapa. Baba hakunigusa, ila kesho yake aliniita chini ya mti akaniuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nilimtazama tu. Ningemwambia nini? Kwamba mdomo wake unanichukiza? Mdomo uliokuwa ukilipa karo yangu?

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuondoka. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa chai, na chai hunywewa kwa kuvutwa, hasa ikiwa ya moto na mnywaji ni mzee mwenye kuridhika. Githeri huliwa pamoja. Mtoto anayebeba sahani yake kwenda kula jikoni kwenye moshi wakati wengine wako sebuleni hawezi kuitwa mgonjwa, ataitwa mwenye maringo. "Huyu anaringa." "Anatuona sisi ni nani?" Mama, ambaye aliniona nasukuma chakula na kutoka nje kila watu wakianza kula, alifikiri nina mimba, akanipeleka zahanati kimyakimya. Nilikuwa kidato cha pili. Aliporudi na majibu alishukuru Mungu, kisha akakasirika upya, kwa sababu sasa hakukuwa na sababu.

Nimeombewa pia, na hilo nalisema bila dhihaka. Akina mama wa kanisa letu walifunga kwa ajili yangu, wakakesha, wakanishika mikono. Walinipenda. Tatizo ni kwamba walipomaliza kufunga walifungua, na tulifungua pamoja, chumba kimoja, kwa mihogo ya kuchemsha na chai. Nilitoka nje nikalia nyuma ya kanisa, na wao wakahitimisha kwamba pepo lile ni gumu.

Hospitalini nilipimwa masikio, yakaonekana mazima kabisa. Mhudumu niliyemwendea aliandika dawa ya kutuliza, akaniambia nipunguze mawazo. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na pa kuniweka tu, na nitaeleza baadaye kwa nini.

Nikawa mwalimu. Chuoni nilikutana na mume wangu, Mmbeere, mtu mpole asiyetafuna chochote isipokuwa chakula, tena polepole, mdomo umefungwa. Watu huniuliza nilimpendea nini, nami huwapa majibu ya kawaida ya watu waliooana. Yeye anajua jibu lenyewe. Siku ya posa watu wake walikuja kwetu Igembe, na kwetu huwezi kuzungumzia binti ya mtu bila miraa mbele ya wazee. Wakakaa. Wakatafuna. Mimi ndiye niliyekuwa nikizungumziwa, na ilinibidi niitwe nitoe chai na nisimame pale nitazamwe. Nilisimama. Wageni walisema binti ana adabu sana, ameinamisha macho muda wote. Nilikuwa nahesabu mbao za sakafu.

Hapo ndipo nilipohamia Embu, kaunti ya kwao Mbeere, na nikajifunza tofauti kati ya miraa na muguka. Mimea ni ndugu, namna ya kuila ndiyo tofauti. Miraa ni kijiti, unamenya ganda lake laini. Muguka ni jani: mtu huchukua kwa kiganja, hujaza, huongeza, mpaka shavu linavimba kama ana jino. Ni bei nafuu, huenda haraka, na Mbeere yote inaulima kwa kuwa unavumilia ukame. Kwa sikio langu, na hapa nazungumza kama mtaalamu kwa kuwa sijaona mwingine aliyelichunguza kama mimi, miraa ina mlio mkavu na muguka una majimaji. Ningelazimishwa kuchagua, ningechagua miraa. Pengine ni uzalendo.

Gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka huko Mei 2024 na Embu yote ikachemka, walimu wenzangu waliojua habari zangu walinitazama waone nitashangilia. Sikushangilia. Nilisomeshwa na miraa. Paa la nyumba ya mama mkwe limeezekwa na muguka. Mashavu ya watu na siasa za mashavu ya watu ni mambo mawili, na hasira ninayoizungumzia haina maoni kuhusu zao lolote. Huamshwa na embe la Siakago likifyonzwa, na mua wa Chuka ndani ya matatu, na mtoto anayevuta kamasi katika chumba cha mtihani kilicho kimya. Hilo la mwisho nalijua vizuri. Kipindi cha baridi Embu, darasa la watoto arobaini wenye mafua, na mimi msimamizi nisiyeruhusiwa kutoka. Niliamua kununua karatasi za shashi kwa pesa zangu nikagawa kabla ya mtihani. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya wazazi kwa kujali usafi.

Jina la tatizo hili nililipata kwa mpwa wangu, binti wa kaka, aliyekuwa akisoma saikolojia Nairobi. Krismasi moja aliniona nikiondoka mezani, akanifuata nje, hakusema kitu. Usiku alinitumia ujumbe: "Shangazi, soma hii. Si wewe peke yako." Ilikuwa makala kuhusu misofonia, jina lililotungwa mwaka 2001 na Pawel na Margaret Jastreboff, mume na mke waliokuwa wakitibu watu wenye matatizo ya masikio kule Atlanta, Marekani. Nilisoma mpaka simu ikazima. Umeme uliporudi nikaendelea.

Nilichokitafuta kwanza ni kujua kama kuna aliyeliona jambo hili kwa kipimo, mbali na kulisimulia. Yupo. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Amsterdam walieleza habari za wagonjwa 42 waliofika kwao na malalamiko kama yangu, wengi yakiwa yamewaanza wakiwa karibu na kubalehe, wakapendekeza tatizo hili litambuliwe kama ugonjwa unaojitegemea. Mwaka huo huo watafiti wa San Diego waliwafunga watu vifaa vya kupima jasho la ngozi, wakawasikilizisha sauti, na jasho likapanda. Kisha ikaja kazi ya Newcastle, Uingereza, iliyochapishwa mwaka 2017, ikiongozwa na Sukhbinder Kumar. Waliwaingiza katika mashine ya kupiga picha za ubongo watu 20 wenye misofonia na 22 wasio nayo, wakawapigia sauti za aina tatu: za kawaida kama mvua, mbaya kwa kila mtu kama kilio cha mtoto, na zile za kula na kupumua. Kwa mvua, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Kwa kilio cha mtoto, hali kadhalika. Kwa kula, kundi la kwanza likawaka: mapigo ya moyo yalipanda, ngozi ikatoa jasho, na sehemu ya ubongo iitwayo insula, upande wa mbele, ile inayoamua ni kitu gani kinastahili kushtukiwa, ikafanya kazi kupita kiasi.

Nilisoma sehemu ile ya kilio cha mtoto mara kadhaa. Maisha yangu yote nilikuwa nikiambiwa ni mtu asiyevumilia. Kumbe kwa yasiyovumilika navumilia kama wengine.

Kazi yao ya mwaka 2021 ndiyo iliyonikalisha chini. Kumar na wenzake walikuta kwamba kwa watu wenye misofonia, sehemu ya ubongo inayosikia imeungana kwa nguvu zaidi na ile inayoendesha mdomo, koo na uso. Mtu mwingine anapotafuna, ubongo wangu huamsha mdomo wangu mimi. Wanasema huenda tatizo haliko katika sauti bali katika kile kitendo cha mwingine kinachojisukuma ndani ya mwili wako bila ruhusa. Na wakaeleza pia kwamba baadhi ya wenye hali hii humwiga mtafunaji, kwa sababu kumwiga huleta nafuu. Basi yule msichana wa darasa la sita, gizani, mdomo mtupu, alikuwa amefika peke yake mahali ambapo wanasayansi wa Newcastle walifika kwa mashine. Nilimpigia shangazi simu. Ni mzee sasa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na mimi nilikuchapa." Tukacheka, tukabadilisha mazungumzo.

Sasa ile ahadi niliyotoa, ya kueleza kwa nini yule wa hospitalini hakuwa na pa kuniweka. Ukitazama vitabu vinavyotumiwa na madaktari duniani kuorodhesha magonjwa, kile cha Marekani cha magonjwa ya akili na kile cha Shirika la Afya Duniani, misofonia haina mstari wake. Mwaka 2022 ndipo kundi la wataalamu wa nyanja mbalimbali lilipokubaliana maana moja, baada ya raundi nne za kupiga kura na kurekebisha, kwamba ni hali ya kushindwa kustahimili sauti fulani mahususi au vitu vinavyohusiana nazo. Bila mstari katika kitabu, afisa wa afya mwenye foleni mlangoni hana pa kukuandika. Na mstari huo hautaandikwa kwa huruma. Utaandikwa watu wa kutosha wakishahesabiwa, kupimwa na kuulizwa.

Watu gani lakini? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Nyingi ya hesabu zilizopo zimetoka Uingereza, Marekani na Uholanzi, na mara nyingi kwa wanafunzi wa chuo kikuu, maana ndio walio karibu na mtafiti. Walipotoka nje ya hapo, namba zilicheza. Wanafunzi 415 wa China walipoulizwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, karibu asilimia 6 walikuwa na dalili nzito zinazoharibu maisha. Ankara, Uturuki, watafiti walibisha hodi katika nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wakahoji watu 541 uso kwa uso, wakapata asilimia 12.8. Uingereza kwenyewe, mwaka 2023, katika watu 772, ikawa takriban 18. Sehemu ya tofauti hizo ni vipimo tu, kila mmoja na dodoso lake na mahali alipochora mstari. Sehemu nyingine, nadhani, ni meza ambapo watu hao hula chakula.

Nasema hivyo kwa sababu nimejaza dodoso mwenyewe. Mpwa wangu alinitafutia utafiti wa chuo kimoja cha ng'ambo uliopokea watu wazima wa nchi yoyote, nami nikakaa nao Jumapili alasiri, watoto wakiwa kwa nyanya yao. Nilipewa orodha ya sauti nikatakiwa nitoe alama: kutafuna, kumeza, kupumua kwa pua, kubofya kalamu, kuchapa kompyuta, mfuko wa krispi, bisi kwenye sinema. Sijawahi kukaa na mtu anayekula bisi kwenye sinema. Miraa haikuwamo. Wala embe, wala mua, wala chai ya kuvuta.

Hilo lilikuwa dogo, kwani mwishoni palikuwa na nafasi ya kuandika sauti nyingine, nami niliijaza mpaka ikakataa kupokea herufi. Kubwa lilikuwa maswali ya mwenendo. Je, huwa unaondoka? Je, huepuka kula na wengine? Je, umewahi kumfokea anayetoa sauti? Nikatazama maswali hayo nikamwona baba mkwe. Mkaza mwana wa Mbeere hamfokei baba mkwe kwa sababu anatafuna muguka wake katika boma lake. Hamwachi na chakula mezani. Hukaa, akainamisha macho, akahesabu mbao. Kwa hivyo nilijibu kweli: hapana, hapana, mara chache. Alama zangu katika sehemu hiyo zikawa za mtu mwenye tatizo jepesi. Lipo dodoso maarufu la King's College London linalotenganisha mambo matano, miongoni mwake kujilaumu, kuwalaumu wengine, kulipuka kwa hasira na kuvurugika kwa maisha, na nadhani mgawanyo kama huo unakaribia kuona mtu kama mimi, aliyejaa kwenye kujilaumu na mtupu kwenye kulipuka. Lakini hata hapo lazima awepo mtu wa huku wa kumwambia mtafiti kwamba asiyeepuka huenda ni asiyeruhusiwa kuepuka.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa na mtu mwenye tabia zangu, na wapo, baada ya kuanza kusema nimekuta wengine hata katika chumba cha walimu, humwambia ashiriki. Kushiriki kuna sura nyingi. Jepesi ni dodoso la mtandaoni, la nusu saa au zaidi, ambalo hulijaza kwa simu. Yapo mahojiano ya video, na hayo nayapenda zaidi kwa kuwa unaweza kueleza. Kazi za mashine za ubongo na za kupima jasho hufanyika maabara, kwa hivyo ni za walio karibu. Na hata asiye na misofonia anatakiwa. Wale 22 wa Newcastle wasio na tatizo walikuwa nusu ya ushahidi, bila wao picha za wale 20 zisingekuwa na cha kulinganishwa nacho. Mume wangu alilielewa hilo haraka akajaza naye, kama mtu wa kawaida. Amekuwa akijivunia cheti hicho kisichokuwapo.

Huwaonya pia, kwa sababu sisi Wakenya tumeshaumwa. Utafiti wa kweli haukuombi hela, si ya usajili wala ya fomu, na hauahidi kukuponya. Unaweza kukurudishia nauli, au kukupa kitu kidogo cha kufidia muda wako, basi. Ukurasa wa kwanza unapaswa kuwa wa ridhaa: nani anafanya, chuo gani, kamati gani ya maadili imepitisha, majibu yako yatahifadhiwaje, na kwamba unaweza kuacha katikati bila kuulizwa. Usipouona ukurasa huo, funga. Anayefanya utafiti ndani ya Kenya anatakiwa awe na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, nawe una haki ya kuomba kuiona. Habari za afya yako ni data nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo mtu asikuombe namba ya kitambulisho ili kukuuliza unachukia sauti gani. Mtoto chini ya miaka 18 hashiriki bila mzazi kukubali. Na kama utafiti unapiga sauti zenyewe, usiufanye usiku ukiwa peke yako umechoka. Hilo la mwisho halimo katika sheria yoyote, nimelijua mwenyewe.

Ningependa kuona kazi hii ikifanyika hapa. Tuna Chuo Kikuu cha Embu, tuna kile cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru, tuna KeMU mjini Meru penye wanafunzi wa uuguzi na udaktari ambao kila mwaka huhangaika kutafuta mada ya tasnifu. Mada hii haihitaji mashine. Ankara walihitaji miguu na heshima ya kubisha hodi. Mwanafunzi anayejua Kimeru au Kimbeere, akapita Laare, Kangeta, Ishiara, akakaa na watu, akauliza swali moja la ziada ambalo madodoso ya ng'ambo hayaulizi, yaani "na ukitaka kuondoka, unaweza?", atakuwa ameandika kitu ambacho Newcastle hawana.

Kuhusu nafuu, nisidanganye: sijapona. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa hali hii. Amsterdam walifanya jaribio la tiba ya mazungumzo, wakalichapisha mwaka 2021. Walikuwa watu 54: asilimia 37 ya waliotibiwa walipata nafuu ya wazi, na kati ya waliokuwa bado kwenye orodha ya kusubiri hakuna hata mmoja. Si wote, lakini si haba. Mimi nimejitengenezea yangu. Chakula chetu huliwa redio ikiwa imewashwa. Katika matatu ya Meru kwenda Embu huketi mbele na dereva, dirisha wazi, hata baridi ya Nkubu iwe vipi. Huwa natafuna nami, pole pole, karanga moja moja, bila kujificha. Na nimejaribu lile walilolionyesha watafiti wa California, kwamba sauti ile ile hupungua makali ukiiambatanisha na chanzo kingine. Mbuzi akitafuna hanisumbui hata kidogo. Kwa hivyo yuko mzee mmoja wa heshima ambaye katika shughuli za ukoo mimi humsikia kama mbuzi. Naomba asisome makala hii.

Baba mkwe nilimwambia. Nilimtuma mume wangu kwanza, kwa kuwa hayo si maneno ya mkaza mwana kuanzisha, na ikapita muda bila jibu. Kisha jioni moja akaniita pale anapokaa, nje ya ghala, shavu limejaa. Akalitoa jani lote, akalitupa, akasukutua mdomo kwa maji. Ndipo akasema.

"Mwalimu, nimeambiwa nikila unaumwa."

"Ndiyo, Baba."

"Si dharau?"

"Si dharau, Baba. Wameitazama kwenye ubongo kwa mashine."

Akataka aelezwe hiyo mashine, nami nikamweleza, mpaka sauti za mvua na za mtoto. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyowahi kuulizwa hospitalini. Alitaka kujua kama ni kitu cha kurithi, nikamwambia wameanza kukitafuta katika vinasaba vya watu wengi lakini hawajamaliza. Alitaka kujua kama watoto wangu wanacho. Mmoja labda, nikasema. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Na hizo sauti za kula wanazowapigia watu, huzitoa wapi?"

"Huwarekodi watu wakila, Baba."

"Wakila nini?"

"Matufaha. Viazi vya kukaanga."

Alicheka mpaka akashika goti. "Matufaha! Waambie wakitaka mtu anayejua kutafuna, wanitumie nauli. Na hiyo mashine yao waiwekee bima."

Siku hizi hutafunia nyuma ya ghala, na akiniona naja na chai hupiga kikohozi nijue kama nikaribie au ningoje. Barua pepe ya wale watafiti wa dodoso nililolijaza imekuja tena, wanauliza kama nitakubali mahojiano ya video na kama nina jamaa anayeweza kuzungumza upande wa wale wanaotafuna. Nimewaandikia kwamba ninaye, ila atahitaji mkalimani, na wapange muda wa kutosha.